Barua ya Posa na Madirisha ya Kioo

Laptop yangu ilinifikia ikiwa imeshapita mikononi mwa watu wawili, na kila mmoja aliiachia ukumbusho. Wa kwanza aling'oa kitufe cha Q, herufi ambayo Tabora nzima hakuna aliyewahi kuniuliza iko wapi. Wa pili aliua betri. Ukichomoa waya inazimika kabla hujamaliza kusema "hee". Kwa hiyo, ingawa jina lake ni kompyuta ya kutembea nayo, yangu haitembei, kama bwana wake.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi kwa mama kupumzika kidogo, na mapumziko hayo hayajaisha. Nakaa sebuleni, kwenye meza iliyokuwa ya cherehani, nachapa watu barua: za kuomba kazi, za kuomba udhuru, mialiko ya maulidi, ratiba za mazishi. Kwa kazi hiyo, mashine ile ilinitosha kabisa. Ilikuwa na mfumo wa zamani, sura yake mbaya, ya kijivu kama sufuria, lakini ukiiwasha inawaka na ukiichapia inachapa.

Sasa mtu mwenye kitu kinachomtosha hatulii. Nikaanza kutazama kwenye simu video za watu wanaoonyesha sura za kompyuta zao. Watu wazima, wenye ndevu, wanafungua dirisha na kulifunga, wanafungua na kulifunga, na sisi huku tunakodoa macho. Nikaona madirisha ya kioo, unamwona wa mbele na wa nyuma kwa pamoja. Nikaona vivuli chini ya kila kitu. Nikaona dirisha likifungwa linajikunja kama kanga iliyopigwa na upepo, linazama chini taratibu. Nikatazama kijivu changu nikajiona mshamba.

Nikanunua bando, nikaupakua mfumo mpya kwa siku mbili. Palikuwa na ukurasa unaoeleza mashine iwe na nguvu kiasi gani ndipo iuweze. Niliusoma jinsi ninavyoisoma ile karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa, yaani niliiona ipo nikaiweka pembeni.

Ulipokubali kuingia, nilimwita mama aje aone. Kwenye kioo palikuwa na mlima wenye theluji. Mama alisimama na mwiko mkononi, akangoja. Nikafungua dirisha. Likaanza kuja. Likaja, likaja, likafika nusu likapumzika, huku feni ikinguruma kama mashine ya kukoboa ya Kigwa msimu wa mpunga.

"Inafanya nini?" mama akauliza.

"Inafunguka."

"Ile ya kwanza ilikuwa haifunguki?"

"Ilikuwa inafunguka, mama, ila hii inafunguka kwa uzuri."

Akanitazama jinsi anavyomtazama muuza nyanya anayepanga mbichi chini na mbivu juu, akarudi jikoni.

Nikazoea. Asubuhi nawasha, naenda kuoga, nakunywa chai, narudi naikuta inazungusha kile kiduara chake. Wateja wakija wanaona theluji, wanauliza, "Eeh, umenunua mpya?" Nami nasema, "Mpya." Ndiyo faida pekee niliyoipata. Kazi ya nusu saa ikawa ya nusu siku, lakini mteja alingoja akitazama mlima.

Basi, katika hali hiyo ya utukufu, mdogo wangu akataka kuoa.

Mdogo wangu ni mwalimu wa shule ya msingi huko Bukene. Yeye katika familia ndiye aliyeondoka nyumbani, mimi ndiye niliyebaki kulinda viti. Alimpata binti wa hukohuko, anayefanya kazi kwenye steshenari karibu na stesheni ya reli. Wawili wamekubaliana, imebaki barua. Na barua ilikuwa na haraka, kwa sababu mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe kutoka Igunga alishapeleka ya kwake, na baba wa binti alikuwa hajaijibu. Mdogo wangu alinipigia simu mwenyewe.

"Kaka, andika vizuri. Mzee yule anapenda barua. Yetu isipofika wiki hii, anaijibu ile nyingine."

"Mdogo wangu," nikasema, "posa naziandika mimi. Wewe andaa suti."

Na kweli naziandika. Nina barua moja ya mfano, tamu, ina salamu ndefu, ina udugu, ina "ua tuliloliona katika bustani yenu". Anayekuja namwekea majina yake tu. Kitu nisichowaambia wateja ni kwamba barua hiyo kwa asili ni yangu. Niliiandika miaka iliyopita nilipotaka kuoa binti mmoja wa Ntalikwa. Kwao wakajibu kuwa binti bado anasoma. Baada ya muda mfupi akaolewa, sijui masomo yalimalizikia wapi. Barua ikabaki kwenye mashine ikiwa na jina langu na jina la yule binti, na kila posa ninayochapa naanza kwa kututoa sisi wawili tuwapishe wengine.

Siku ya kuipeleka, mshenga alifika mapema. Ni jirani yetu, mzee wa duka la vitambaa, familia yao ya Kiarabu iko hapa mjini tangu enzi za misafara. Kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawa, saa ya mkononi anaitazama kila baada ya kumeza mate, kwa sababu gari la Bukene halimngoji mtu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Barua iko tayari?"

"Dakika mbili."

Nilikuwa nimeiwasha tangu alfajiri. Nikafungua barua, nikatoa jina langu, nikaweka la mdogo wangu. Herufi zilikuja baada ya kuchapwa, mojamoja, kama watu wanaochelewa kikao. Nikatoa la binti wa Ntalikwa, nikaweka la binti wa Bukene. Nikabonyeza kuhifadhi. Dirisha likaingia ukungu, kwa uzuri sana, kivuli chake kikabaki juu ya theluji, na kila kitu kikaganda.

"Dakika mbili za wapi hizo?" mshenga akauliza.

"Inafikiri, mzee."

"Wewe umefikiri?"

Nikachomoa waya. Ikazima papo hapo, kwa hilo betri ile haijawahi kuniangusha. Nikawasha upya, mlima ukapanda theluji yake pole pole, mshenga akakohoa, mama akatia neno kutoka jikoni kuwa marehemu baba aliandika barua kwa kalamu na hakuwahi kuchomoa waya. Nikafungua barua. Kabla haijatokea yote nikaamuru ichapwe. Printa ikaitema ikiwa imelala kifudifudi, kama inavyotema zote.

Hapo sasa ndipo penye kosa ambalo mgeni asingelifanya. Mgeni angeigeuza karatasi akasoma. Kwetu barua ya posa haisomwi katika nyumba inakotoka. Ikishatoka mikononi mwa mwandishi imekwenda. Inakunjwa palepale, inafukizwa udi, inatiwa kwenye bahasha, bahasha inafungwa ndani ya kitambaa cheupe, na anayeifungua ni mwenye nyumba inakokwenda. Wala haiwekwi saini ya mtu, chini huandikwa "sisi wazazi wa kijana" basi. Mama alikuwa ameshasimama na chetezo. Nikaikunja, akaifukiza, akaifunga kitambaani, na mshenga akaondoka nayo kifuani, ananukia kama harusi imeshafika.

Nikarudi kwenye theluji yangu nikajisifu.

Alasiri mshenga akapiga simu. Hakuanza na salamu.

"Wewe mtoto, ulinipa barua ya nani?"

"Ya mdogo wangu, mzee."

"Imesomwa mbele ya watu kumi na wawili. Inasema kijana anayeposa ni wewe. Na anamposa binti wa Ntalikwa."

Nikakaa chini. Mabadiliko yangu yote yalikuwa yamekufa na ule ukungu mzuri, na iliyochapwa ni ile ya zamani, mimi na yule wangu aliyekuwa bado anasoma. Nilikuwa nimempelekea mzee wa Bukene barua yenye jina la mwanamke mwingine, tena imefukizwa.

"Baba wa binti amesemaje?"

"Amesema nyumba yake si jalala la posa zilizokataliwa. Nimemwomba sana. Ametupa mpaka Ijumaa. Aliyeiandika aende mwenyewe, na hiyo mashine yake, aandike nyingine mbele yao waone mwenye kosa ni nani, mtu au mashine. Usipoonekana, Jumamosi anamjibu wa Igunga."

Halafu akashusha sauti. "Na bibi wa binti anasema yeye posa yako ameikubali. Anakungoja."

Mdogo wangu hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alituma ujumbe mmoja tu, "Kaka Ijumaa usikose", bila hata nukta, na baada ya hapo simu zangu hakupokea.

Ijumaa tulisafiri mapema ili tuwahi swala tukifika. Zamani wapagazi walitoka hapa kwetu na pembe za ndovu mabegani, wakatembea miezi mpaka pwani, wakarudi na vitambaa na hadithi. Mimi nilikaa kwenye kiti cha gari, na laptop kwenye mfuko wa mchele, nikalalamika kiuno kuanzia stendi. Mshenga alinivumilia nusu ya safari.

"Hebu niambie. Hiyo theluji umeiweka ya nini?"

"Pambo, mzee."

"Mimi nauza vitambaa. Nikimuuzia mtu kitambaa kizito cha kifahari nikajua ana cherehani mbovu, namwambia. Wewe nani alikuambia?"

"Walieleza. Sikusoma."

"Mwandishi," akasema, akageukia dirishani.

Nyumba ya binti ilikuwa na sebule pana, wazee wamekaa ukutani, na mlango wa ndani una pazia la maua. Nyuma ya pazia wanawake walikuwepo, unawasikia wanavyojizuia. Baba wa binti, mkulima wa mpunga, mrefu, mkavu, alipokea shikamoo yangu bila kuipunguzia wala kuiongezea kitu. Aliyeniongezea ni bibi. Alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati, kajipaka wanja.

"Haya, bwana harusi wangu huyo!"

"Shikamoo bibi."

"Unamwamkia mkeo shikamoo? Huko Tabora ndivyo mnavyofanya? Mimi nimejibu posa yako tangu Jumatatu, unakuja leo na mfuko wa mchele. Umeniletea mchele Bukene?"

Nyuma ya pazia pakalipuka. Hata wazee wawili watatu walitazama sakafuni kwa nguvu. Baba wa binti hakucheka.

"Toa mashine," akasema.

Mashine haikai bila waya, na soketi ilikuwa moja, ya televisheni. Ikabidi televisheni ichomolewe. Bibi akalalamika kuwa bwana harusi hajalala hata siku moja ameshaanza kuzima vitu. Nikaweka laptop juu ya kigoda, nikaiwasha, feni ikanguruma.

Tukangoja.

Sijui kama umewahi kungoja kompyuta iwake mbele ya wazee wanaotaka kujua kama familia yenu ina akili. Kiduara kinazunguka, na wewe unakitazama kana kwamba ukikipa kisogo kitasimama. Mzee mmoja alitoa tasbihi. Simu yangu ikatetemeka mfukoni, mdogo wangu, yuko shuleni hatua chache kutoka pale: "Vipi?" Ikatetemeka tena: "Vipi kaka?" Mwishowe kioo kikaandika kwa herufi kubwa kwamba kinatukaribisha.

Baba wa binti akaisoma. "Inatukaribisha. Nyumbani kwetu."

Mshenga akafumba macho.

Ukaja mlima. Bibi akauliza ule weupe ni chumvi au ni unga. Nikabonyeza barua. Dirisha likaanza kufunguka kwa uzuri wake, vile vioo, vile vivuli, likafika nusu. Na pale, mbele ya watu wote waliokuja kuhukumu mwenye kosa ni nani, likaganda.

Mimi ndani ya moyo wangu nilishamwona mtu wa Igunga anaswaga ng'ombe wake kuelekea kwenye harusi, na mdogo wangu kasimama kando ya barabara na chaki mkononi. Miaka yote amenibeba. Nilikuwa na kazi moja tu ya kumfanyia, tena ninayoiweza, na nimeiharibu kwa sababu nilitaka madirisha yajikunje kama kanga.

"Kosa ni langu," nikasema. "Mashine ilikuwa nzima. Niliivika vitu visivyokuwa saizi yake ili nionekane. Mdogo wangu hajui lolote. Naomba karatasi na kalamu, nitaandika kwa mkono."

Baba wa binti alikuwa bado hajajibu, sauti ikatoka nyuma ya pazia. Ya msichana, imetulia, sauti ya mtu wa kazini.

"Shemeji, hiyo ina RAM ngapi?"

Bibi aligeuka mzima mzima kuelekea kwenye pazia.

"Umemwita nani?"

Baba wa binti alikuwa anatazama dari, kama anayehesabu mabati. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuonyesha kwamba amesikia.

"Mbili," nikasema.

"Mbili!" sauti ikasema. "Mbili, na vioo vyote hivyo, na vivuli, na milima! Maskini, ndiyo maana inahema." Wanawake wakacheka. Nilipopokea matokeo yangu ya kidato cha nne sikuaibika kiasi kile. "Mama, niletee hapa."

Mama wa binti akatoka, mtandio umefunika nusu ya uso na kicheko chote, akamtazama mumewe. Mumewe akaendelea na mabati. Akaibeba laptop, waya ukiburuta nyuma yake, ikaingia ndani ya pazia, na waya ukabaki umekatiza sebule kutoka kwenye soketi mpaka chini ya maua.

Tukakaa tukitazama waya. Chai ikaletwa na mihogo ya kuchemsha. Kutoka ndani tulisikia vitufe vikibonyezwa upesi, na sauti ikitoa hukumu kila baada ya muda: "Hiki cha nini? Toa. Na hiki? Mh. Toa." Kisha feni, ambayo sikuwa nimeisikia ikinyamaza tangu nilipoweka ule mfumo, ikanyamaza. Ghafla tukasikia majogoo ya nje.

Ikarudi. Mama wa binti aliiweka juu ya kigoda. Mlima haukuwepo. Vioo havikuwepo, wala vivuli. Kioo kizima kilikuwa cha kijivu, kama sufuria, na katikati barua yangu imekaa wazi, imetulia, herufi nyeusi. Nikagusa, ikaitika hapohapo. Nikatoa jina langu mbele ya wazee, nikaweka la mdogo wangu, likatokea kabla sijainua kidole. Nikateremka kwenda kumtoa yule wa Ntalikwa niweke jina la binti.

Lilikuwa limeshawekwa.

Mimi ningeweka jina moja, kama ninavyofanya. Hapo palikuwa na matatu, la kwake, la baba yake na la babu yake, yameandikwa kikamilifu kama kwenye cheti. Mwenyewe alikuwa amejiandika ndani ya posa yake.

Nikamsogezea mshenga. Akavaa miwani, akasoma barua yote kwa sauti kutoka kwenye kioo, udugu, bustani, ua na vyote. Alipofika kwenye yale majina matatu aliyasoma polepole, akamtazama baba wa binti.

"Hayo nani kaandika?" baba wa binti akauliza.

"Mimi nimekuta yapo, mzee," nikasema.

Akageuza kigoda, akayatazama muda. Kisha akaegemea kiti. "Mtu akishajaza jina lake kamili kwenye karatasi ya watu," akasema, "huyo wa Igunga mimi nitamwambia nini? Nitamrudishia barua yake kwa heshima." Akanielekezea kidole. "Mwambie mwalimu aje. Ila mashine hiyo harusini isifike."

"Na posa yangu?" bibi akasema.

Nikatozwa doti ya kanga, kwa kumwacha mjane kabla ya ndoa. Nikamwandikia mdogo wangu, "Njoo." Alifika kabla chai haijapoa, na chaki bado kwenye vidole.

Harusi imepita. Laptop iko palepale kwenye meza ya cherehani, inawaka kabla maji ya chai hayajachemka, na wateja wanaiona kijivu wananiuliza ile mpya iko wapi. Juzi, nilipokuwa sina kazi, nikapata hamu. Si vioo vyote, kivuli kimoja tu. Nikafungua mahali pa kurudisha mapambo, ikaniomba neno la siri. Mimi sikuwahi kuweka neno la siri.

Nikampigia shemeji.

"Nililiweka siku ile nyuma ya pazia," akasema. Nyuma yake namsikia mdogo wangu anacheka. "Nakujua."

"Nitajie basi."

"Nitakutajia ukioa. Bibi bado anauliza."